Mama Muuza Makaa na Neno "Host"

Nilizaliwa Lodwar, lakini ugali wangu niliupata Kakuma, nikiwa mkalimani kwenye mikutano ya kambi ya wakimbizi. Afisa alisema Kiingereza, mimi nikageuza kwa Kiturkana. Hakuna neno nililolisikia zaidi ya host. Waturkana tunaoishi kando ya kambi ndio tulioitwa hivyo, na hata vijana wakitafuta kazi walijitambulisha, "Mimi ni host." Mimi nilisema neno letu la "wenyeji" na kuendelea, bila kufikiri.

Siku moja mama mmoja muuza makaa alisimama katikati ya mkutano.

"Binti," aliniambia kwa Kiturkana, "hilo neno la Kiingereza analorudia huyu mzee, maana yake nini hasa?"

"Ni mtu anayepokea wageni nyumbani kwake, mama."

Alitafakari. "Basi si mimi. Mimi nawapelekea wakimbizi makaa mlangoni kwao. Kwangu hajaingia hata mmoja. Nimempokea nani?"

Watu walicheka. Afisa alitaka kujua kuna nini, nikamweleza. Akasema neno hilo lina maana tu ya watu wanaoishi karibu na kambi.

"Huyo ni jirani," mama alijibu nilipomfikishia. "Kwa nini wasiseme jirani?"

Swali lake nilirudi nalo. Nilipofika nyumbani nilifungua kamusi kwenye simu. Kumbe neno lile dogo limebeba mengi! Ni mwenyeji, ni umati wa watu, ni ile hostia padri anayotupatia wakati wa komunyo. Halafu nikakuta maana nyingine iliyonikosesha raha: mnyama anayeishi na kupe au minyoo mwilini mwake, naye ni host.

Wiki iliyofuata nilikutana na yule mama njiani, gunia la makaa kichwani.

"Ejok," alinisalimu. "Twende, leo utanitafsiria."

Tulienda kwa mteja wake wa siku nyingi, fundi wa nguo kutoka Kongo. Walikuwa wameuziana makaa kwa miaka kwa vidole na maneno machache ya Kiswahili.

"Mwambie nimesikia mimi ni mwenyeji wake. Kwa hiyo kesho aje kwangu."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. "Miye? Niko hapa miaka mingi, mama. Hakuna mutu aliniita kwake."

Alikuja kweli, amevaa kitenge kizuri, na kingine amekikunja mkononi kama zawadi. Mama alimtandikia ngozi kivulini, akampa chai ya maziwa ya mbuzi, kisha maziwa ya mgando. Mgeni alionja, akakunja uso, na wote watatu tukacheka. Aliuliza watoto wa mbuzi wanawatambuaje mama zao, na kwa nini huyu ana kengele na yule hana. Mama alijibu kila swali kwa raha, nami nikachoka kutafsiri.

Ndipo mama akanigeukia. "Lile neno ulilichunguza?"

Ningeweza kudanganya. Lakini alikuwa ananitazama, nikamwambia yote, hata habari ya kupe. Nilipomaliza nilijuta.

"Munasema nini?" fundi aliuliza, na ikabidi nimweleze na yeye. Aliinamisha kichwa, akiivuruga chai yake kwa kijiti.

Mama alimshika mkono. "Mwambie kupe haalikwi. Huyu nimemwita mwenyewe."

Nilitafsiri polepole, nikiogopa kuharibu. Fundi aliinua uso. "Aksanti, mama. Basi na miye nakuita. Jumapili, ibada ikiisha."

Jumapili hiyo mama aliingia kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ambayo mlango wake aliujua kama kiganja chake. Aliniambia baadaye kwamba alilishwa sombe, yaani kisamvu, hadi akashindwa kusimama, na kwamba ndani kulikuwa na baridi nzuri kuliko alivyodhani.

Mimi kwenye mikutano nilianza kusema "majirani." Hakuna aliyenisahihisha.