Kalenda ya Vyakula Vilivyopoa

Mama Faili alipata jina hilo kwa kupanga mafaili ya kampuni moja ya kusambaza dawa kwa miaka kumi na minane. Sasa kampuni hiyo ilitaka kumchangia bintiye. Binti ndiye aliyetengeneza programu ambayo kampuni iliitumia kuhesabu dawa za stoo, akaiacha wazi, anayetaka aichukue bure. Lakini bure ilikuwa imemchosha. Mchango usipotoka kufikia Jumatatu angekubali ajira kwingine, na programu ingebaki yatima.

"Mama, mambo yamekwama," mhasibu alimwambia. "Kwenye barua yake kwetu binti yako ameandika 'asante kwa zawadi'. Zawadi haipunguzwi kwenye kodi. Tutaitoa, halafu tuilipie kodi kama vile bado tunayo. Bosi hataki."

Neno zawadi Mama Faili alimfundisha binti yeye mwenyewe: ukipewa shukuru, usidai.

Saa ya mapumziko alikwenda ofisi ya kodi, akapanga foleni mpaka miguu ikavimba.

"Akilipwa kwa kazi ya matengenezo, inakubalika," karani alisema dirishani. "Ila alete ankara, na siku alizofanya kazi."

Nyumbani binti alicheka bila furaha. "Kompyuta inaonyesha siku nilizobadilisha kitu tu. Siku za kupokea simu na kutafuta kosa sikuandika popote. Halafu mama, programu ni ya bure!"

"Programu ni ya bure. Mikono yako nani kasema ni ya bure?"

Mama aliitungua kalenda ya jikoni, imejaa alama nyekundu.

"Hizi nini tena?"

"Chakula ulichoacha kikapoa. Nilidhani unaumwa, nikawa naweka hesabu ya kumwonyesha daktari. Kila nikikuita: subiri mama, watu wa stoo wamekwama."

Binti aliitazama kalenda, kisha akavuta kiti na kuanza kuandika.

Ijumaa mhasibu aliipitia ankara kwa ncha ya kalamu, Mama Faili amesimama mbele yake. "Tarehe tisa? Siku hiyo programu haikubadilishwa."

"Mwite mtu wa stoo. Muulize alimpigia nani simu."

Mtu wa stoo alikuja, akajikuna kichwa. "Mimi huyo. Tulikuwa naye kwenye simu tangu asubuhi mpaka jioni."

"Na supu yake ikaganda," Mama Faili akasema.

Mhasibu alicheka, akatia saini. Mama Faili alirudi mezani kwake, akachukua faili jipya, akaandika ubavuni kwa herufi kubwa: MATENGENEZO.