Glavu Juu ya Injini

Lilikuwa gari jekundu la viti viwili, fupi kiasi kwamba ukikaa ndani unahisi lami iko chini ya mapaja yako. Mume wangu alilinunua kwa Mwingereza mmoja wa Milimani aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao, miaka ile ya mwisho ya sitini. Mimi sikuulizwa. Alasiri moja nilisikia honi ikipigwa kuanzia mwisho wa barabara, nikatoka jikoni mikono imejaa unga nikidhani kuna harusi inapita.

"Hii si gari ya kawaida," alisema kabla hata hajashuka. Akafungua boneti, akanionyesha kitu cha chuma kilichokaa ubavuni mwa injini, kikizungushwa na mkanda. "Hii inaitwa supacharja. Injini zingine zinavuta hewa zenyewe. Hii inasukumiwa hewa ndani kwa nguvu, kama mtoto anayelishwa uji akitaka asitake."

Yeye alikuwa mpima ardhi wa serikali, mtu mwenye hesabu zake na subira zake, lakini mbele ya gari lile alikuwa kama kijana aliyepata kiatu chake cha kwanza. Mimi nilikuwa muuguzi, Sista kama watu walivyotuita, nina mimba ya miezi mitatu, mimba yetu ya kwanza. Nilitazama viti viwili, nikahesabu watu watatu. Na lazima niseme ukweli: aliponipeleka mara ya kwanza mpaka ufukweni mwa ziwa na kurudi, nilicheka njia nzima. Gari lilikuwa likiruka.

Shida ilikuwa harufu. Mvua zilipoanza tulifunga turubai la juu, na hapo ndipo ilipojitokeza vizuri. Haikuwa harufu ya petroli, wala si ya moshi wa kawaida. Ilikuwa harufu nzito ya oili iliyoungua, kama sufuria ya mafuta iliyosahauliwa motoni. Iliingia kwenye nywele, iliingia kwenye sare yangu nyeupe. Nikifika wodini kichwa kinagonga, natapika kwanza ndipo nishike kazi. Mgonjwa mmoja aliniuliza kwa upole kama siku hizi nafanya kazi mbili, hospitali na gereji.

"Ni mimba," mume wangu alisema.

"Mimba haichafui sare."

"Mama alipokuwa na mimba yangu hakutaka kabisa kusikia harufu ya samaki. Na kazi yake ilikuwa kuuza samaki."

Nilimwambia anuse mwenyewe. Akaingiza kichwa garini, akavuta pumzi ndefu, akatoka akisema hasikii kitu. Alikuwa na sigara mdomoni.

Tungebishana hivyo mpaka mtoto azaliwe kama mama mkwe wangu asingekuja kutoka Kendu Bay kunitazama. Jumapili hiyo nilikuwa kazini asubuhi, kwa hiyo mume wangu akampeleka kanisani kwa gari jekundu. Mama alikuwa amevaa sare ya kina mama wa kanisa, nyeupe kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi. Nilirudi nyumbani mchana, nikakaa barazani, nikaona kitu ambacho sijakisahau: mama mkwe wangu anakuja kwa miguu katikati ya barabara, viatu mkononi, na nyuma yake gari jekundu linamfuata polepole, mume wangu ametoa kichwa dirishani akimbembeleza aingie.

Mama hakugeuka. Alipanda barazani, akaketi kando yangu, akanyoosha miguu. Soksi zake zilikuwa na vitone vyeusi kuanzia vidole hadi magotini.

"Nyathina," alianza, yaani mwanangu, "hiyo si mimba. Mimi sina mimba, na mimi pia nimetapika."

Mume wangu alizima gari. Alishuka, akatazama soksi za mama yake, kisha akazima na sigara. "Kesho nitaipeleka kwa fundi," alisema.

Fundi wetu alikuwa mzee Mwislamu wa pale mjini. Baba yake alitoka pwani kuja kufanya kazi ya reli na hakurudi tena. Gereji yake ilikuwa paa la mabati na shimo moja la kuingilia chini ya magari. Alikuwa na mambo mawili asiyoyavumilia: mtu kufungua injini kabla hajaisikiliza, na Kiswahili chetu.

"Hii gari inanuka," mume wangu alimwambia.

"Gari hili linanuka," fundi alisahihisha, akainama kutazama.

Alianza na bomba la moshi. Aliziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kilicholowa, injini ikinguruma, akapitisha kiganja kwenye kila kiungo akitafuta panapovuja. Alipata mahali pamoja, akapachomelea. Tukaondoka tukishukuru. Siku mbili baadaye harufu ilikuwa palepale.

Tukarudi. Safari hii akatafuta njia ambayo harufu inaingilia. Kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva kulikuwa na matundu, pale nyaya na pedali zinapopita. Akayaziba yote kwa mipira. Harufu ikapungua kidogo, lakini ukifungua boneti ulikuta injini nzima imelowa oili, na kile kijiti cha kupimia oili kimeruka nje ya tundu lake kama kimechoka kukaa.

Hapo mume wangu akakata tamaa. "Ringi za pistoni zimekufa," alisema. "Moshi unapita kando ya pistoni na kushuka tumboni mwa injini. Hiyo ni kufungua injini yote. Afadhali tuiuze."

Nilishangaa kujisikia nasema hapana. Nilikuwa nimezoea kuliendesha gari lile siku zake za safari, na nilipenda jinsi wanaume wa sokoni walivyogeuka kuona nani yuko kwenye usukani.

Fundi naye alikataa. Alitoa plagi moja moja, akapima nguvu ya kila silinda, akatuonyesha kipimo. "Zote nne ni nzima. Injini hii ina kifua kizuri kuliko changu. Kuna kitu kinaipulizia tumboni, lakini hapa hakijionyeshi." Ni kweli, hapo gereji, gari likiwa limesimama, halikuwa na kosa. Kijiti kilikaa kimya, harufu hakuna. Lilikuwa kama mgonjwa anayelalamika usiku kucha, na daktari akipita asubuhi anasema amepona.

"Ningepata kitu chembamba cha kuona hiyo pumzi," fundi alisema. "Mpira mwepesi, wa kufunga pale juu oili inapotiwa. Tungeona kama injini inavuta au inasukuma."

Nilijua kitu hicho. Siku zile glavu za hospitali hazikutupwa. Tulizifua, tukazipaka poda, tukazichemsha, zikarudi kazini mpaka zitoboke. Zilizotoboka zilikuwa na ndoo yake. Nikamwomba mkubwa wangu moja, akanipa bila kuuliza, nami nikakifunga kidole kidogo kilichotoboka kwa uzi.

Jumamosi asubuhi tulikutana gereji. Fundi alitoa kifuniko cha oili, akaivisha glavu pale mahali pake, akaikaza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Akawasha injini. Vidole vya glavu vikanyauka, vikazama ndani kana kwamba kuna mtu anavivuta kutoka chini.

"Inavuta," fundi alisema. "Ndivyo inavyotakiwa. Sasa tuone barabarani." Akaing'oa boneti nzima, akaiegemeza ukutani. "Mmoja aendeshe, mimi nitazame."

Mume wangu akanyoosha mkono kuchukua ufunguo.

"La, Bwana," fundi alimwambia. "Wewe unaendesha kwa mapenzi. Nataka mtu wa kusikiliza anayoambiwa. Sista ataendesha."

Tukaenda njia ya Ahero, turubai limekunjwa, jua limetoka, uwanda wa Kano umelowa na kung'aa pande zote mbili. Fundi alipiga magoti kwenye kiti cha pili, ameshika kioo cha mbele kwa mikono miwili, kofia yake ameitia mfukoni. Nilikwenda taratibu. Glavu ilikuwa imelala.

"Kanyaga kidogo, Sista."

Nikakanyaga. Vidole vikatikisika.

"Kanyaga!"

Nikakanyaga mafuta mpaka chini. Supacharja ikapiga mluzi wake, gari likaruka mbele, na pale juu ya injini mkono ukainuka. Vidole vinne vilivyonona na kisiki cha kidole cha tano, vimesimama wima, vinatikiswa na upepo kushoto na kulia. Ulikuwa ukipunga.

"Achia!" Nikaachia, ukalala. "Kanyaga!" Ukainuka tena.

Kwenye mashamba ya mpunga, ambayo wakati huo yalikuwa mapya, watu waliokuwa wameinama wakipandikiza walisimama kutazama. Waliona gari jekundu lisilo na boneti, mwanamke yuko kwenye usukani, mzee amepiga magoti anapiga kelele, na mkono mweupe unawasalimu kutoka injini. Mama mmoja akapunga. Kisha mstari mzima ukapunga, na matope yakichuruzika kutoka mikononi mwao. Nilicheka mpaka machozi, na kwa kucheka nikasahau kuuinua mguu. Glavu ikavimba kama kichwa cha mtoto, ikakatika pale kwenye tyubu, ikaruka juu ya vichwa vyetu. Nyuma yake ikaja oili.

Nilisimama kando ya barabara. Fundi aliketi kitini polepole. Uso wake ulikuwa na madoadoa kama chui, na gauni langu lilikuwa vivyo hivyo. Akajifuta jicho moja, akatazama injini, kisha akaanza kucheka kimyakimya, mabega tu yakienda juu na chini.

"Nimeliona," alisema.

Akanionyesha kwa kidole bomba moja jembamba la mpira. Kila injini, alinieleza, inatoa pumzi chafu tumboni, pale chini krenki inapozunguka, na lazima pumzi hiyo ipate pa kutokea. Bomba hilo ndiyo kazi yake: linaitoa tumboni na kuipeleka kwenye njia ya hewa, injini iivute na kuichoma. Yule Mwingereza alipofunga supacharja aliliacha bomba mahali pake pa zamani, na sasa mahali hapo pako baada ya supacharja, panaposukumiwa hewa. Gari likisimama au likienda polepole, injini bado inavuta, mambo ni sawa. Ukikanyaga, supacharja inasukuma hewa, na hewa inarudi kinyume kwenye bomba lilelile, inajaza tumbo la injini, inatafuta tundu lolote la kutokea. Ikitoka inatoka na oili, na oili inaangukia bomba la moshi la moto.

"Mtu wenu alifunga mlango wa kutokea," alisema, "kisha akaugeuza wa kuingilia."

Marekebisho yalichukua asubuhi moja. Alilihamisha bomba likavute kabla ya supacharja, mahali ambapo hewa inavutwa daima na kamwe haisukumwi. Lile tundu la zamani akaliziba. Katikati ya bomba akatia mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, amejaza ndani nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ili oili inase humo isiende kwenye kabureta. Kila mwezi tuliumwaga mkebe ule, kijiko kimoja au viwili.

Mume wangu alilijaribu mwenyewe kwenda na kurudi Ahero. Aliporudi alinitafuta jikoni. "Hainuki tena, wala haipungi," alisema, kisha baada ya kusita akaongeza, "Pole kwa mambo ya mimba." Mama mkwe alidai soksi mpya, akazipata, na mvua zilipoisha alikubali kurudishwa Kendu Bay kwa gari lile. Alilala njia nzima, mdomo wazi.

Fundi hakuniacha hivyo. Binti yetu alikuwa na miezi miwili nilipoitwa nje ya wodi kuwa kuna mtu ananitaka. Nilikuta mwanamume mnene kutoka Kondele, kofia mkononi, ana aibu kidogo.

"Wewe ndiye ile Sista ya moshi?" aliniuliza. "Lori yangu inanuka. Fundi amesema kwanza nikuombe glavu."