Mbwa wa Mkwe

Mwihaki hakuomba mbwa. Hilo lieleweke kwanza, maana majirani wa Kibomet, hapa Kitale, wamesema mengi. Alikuwa na mbwa wake wawili, Cheupe na Tarzan, aliowalea tangu hawajafungua macho. Kila asubuhi walimsindikiza hadi barabarani akipeleka maziwa kwa wateja wake wa Tuwan, kisha wakarudi nyumbani wenyewe bila kubwekea mtu. Ni Muigai, mume wake, aliyerudi kutoka Bumula Desemba na dume jeusi ndani ya gunia, yeye mwenyewe meno yote nje kwa furaha.

“Mkwe ametupea,” akasema. “Anaitwa Komando. Amelinda duka yake miaka miwili na hakuna mwizi ameguza hata kufuli.”

Mkwe mwenyewe ni Mzee Jairus, baba ya Tonny, aliyemwoa binti yao Wamboi. Na zawadi ya mkwe, hata ikuume, hairudishwi. Ukiirudisha umemdharau mbele ya watu wake, na binti yako ndiye atakayesemwa huko alikoolewa kila akiinama kwenye jiko. Mwihaki akampokea.

Sasa huyo Komando alikuwa amelelewa vile wengi huku hulea mbwa wa kulinda: kufungiwa ndani ya kibanda cha mbao mchana kutwa, asione jua wala mtu, na kulishwa ugali uliokorogwa na pilipili ili awe mkali. Ukali gani huo, jamani? Mnyama anaungua koo, anaungua tumbo, halafu watu wanapongezana ati huyu ni shujaa! Siku ya kwanza tu, Mwihaki alipoweka karai moja la ugali na omena kama kawaida yake, Komando alimrukia Cheupe akampasua sikio.

Pasaka ikafika, na Wamboi akaja na mwanawe Joy, mtoto wa miaka minne. Joy alipita karibu na lile karai, basi. Komando alidaka sweta yake akamburura nayo mpaka kwenye matope. Mwihaki alimmwagia mbwa ndoo nzima ya maji ndipo akaachilia.

“Mama, sitakanyaga hapa na mtoto mpaka huyo mnyama apoe,” Wamboi alisema, akimfuta Joy matope. Wakaondoka siku hiyo hiyo.

Basi Mwihaki akaanza kazi. Tusidanganyane, hakuifanya kwa kumpenda Komando. Alimtaka mjukuu wake, na njia ya kumpata ilipita kwa huyo mbwa. Alimwita Hillary, daktari anayetibu ng'ombe wake, naye akamweleza: kila mbwa na sahani yake, kila mbwa na mahali pake pa kulia, wasigombanie chakula kamwe. “Na usimpige, mama. Huyo amepigwa ya kutosha.”

Akawafunga kwa kamba. Komando kwenye mparachichi, Cheupe kando ya tangi la maji, Tarzan mlangoni. Kila Komando alipomtazama Cheupe bila kunguruma, alirushiwa kipande cha matumbo ya kuchemsha. Akinguruma, hapati. Kila baada ya siku chache Mwihaki alisogeza kamba ya Komando hatua moja karibu na Cheupe, mbwa akichachamaa anairudisha alikoitoa. Mvua ya Kitale ilimnyeshea Mwihaki hapo mwezi Mei, ikamnyeshea Juni. Jioni alimzungusha Komando njiani, na jirani yake Muturi akashindwa kujizuia.

“Mama Wamboi! Umekuwa mzungu siku hizi? Mbwa anapelekwa matembezi?”

“Muturi, huyu anafunzwa adabu. Wewe wa kukufunza alikosekana?”

Kufikia mwisho wa Julai Komando aliweza kulala hatua nne kutoka kwa Cheupe, akala, akainua kichwa, asionyeshe jino. Mwihaki alikaa juu ya ndoo akalia peke yake. Kisha akampigia Wamboi simu: njooni Jumamosi ya pili ya Agosti. Wamboi alisita, akauliza mara tatu kama ana hakika, mwishowe akakubali.

Siku kumi kabla ya hiyo Jumamosi, mambo yakaharibika. Komando alianza kunguruma kabla hata sahani haijafika chini. Siku ya pili yake alikata kamba akamrarua Tarzan mguu. Mwihaki alijilaumu. Labda ameharakisha, labda kamba imekuwa karibu mno. Akarudisha hatua zote nyuma, na bado mbwa alizidi kuwa mbaya.

Alhamisi, siku mbili kabla ya wageni kufika, akiosha sahani ya Komando, alijipangusa jasho usoni, na jicho likawaka moto. Aliruka, akajimwagia maji, akaruka tena. Jicho lilipofunguka kidogo aliinua ile sahani akainusa. Pilipili!

Akazunguka nyuma ya nyumba. Muigai alikuwa amechuchumaa mbele ya kibanda kikuukuu cha kuwekea kuni, Komando amefungiwa ndani, na mzee mzima anamdunga kwa fimbo katikati ya mbao. “Amka! Unalala kama kondoo kwa nini?”

“Baba Wamboi.”

Fimbo ikaanguka.

“Tangu lini?” Mwihaki aliuliza.

“Si Jairus alipiga simu,” Muigai akasema, macho chini. “Akauliza Komando yuko aje, nikamwambia amezoea, hata analala na hawa wengine. Akanicheka, bana! Akasema nimegeuza mbwa wake mbuzi. Sasa mimi ningemwambia mkwe nini?”

“Ungemwambia una mjukuu!”

Sauti ilimtoka mpaka kuku wakatawanyika. Miezi mitatu! Miezi mitatu ya matope na matumbo na kuchekwa njiani, na huyu mtu aliyeoana naye miaka thelathini anaichoma yote kwa sababu mwanamume mwenzake amecheka kwenye simu. Alitamani kumlisha hiyo pilipili kwa kijiko.

“Si tutamfungia tu hiyo siku moja,” Muigai akasema. “Wamboi hatajua.”

“Kibanda chenyewe kinatingika akigusa mlango! Unataka kubahatisha maisha ya mtoto? Pasaka hukuona?” Mwihaki alitoa simu kwenye aproni, akabonyeza jina la Wamboi, akaweka sauti kubwa, akamsukumia mumewe mkononi. “Mwambie wasije. Na umwambie ni kwa nini.”

Muigai aliishika kama kitu kilichotoka motoni. Ikaita mara mbili, na aliyepokea hakuwa Wamboi.

“Guka!” Alikuwa Joy, ndivyo anavyomwita babu yake, na bibi humwita shosho. “Guka, nimeweka nguo zangu kwa begi! Mama amesema shosho amefunza mbwa asiume. Ni kweli?”

“Ni kweli,” Muigai akasema polepole.

“Na wewe, guka, ulimfunza nini?”

Muigai alimtazama mkewe, ambaye jicho moja lilikuwa jekundu na limevimba, akamnyooshea simu. Mwihaki aliweka mikono yake nyuma.

“Mjibu mtoto,” akasema.