Kanisani wanamwombea mume wangu kwa risasi ambayo haikumpiga

Juba, Jumapili jioni.

Dada msimamizi, salamu. Naomba ufiche jina langu na la kanisa letu, maana hapa Gudele tunajuana.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na nne, nina watoto watatu. Nilikulia ukimbizini Uganda, Kiswahili nilikipata Nakuru nilikosoma hadi kidato cha pili, mnisamehe nikikosea. Naona aibu kuandika haya, lakini kukaa nayo nimeshindwa.

Mume wangu alikuwa dereva wa foklifti kwenye ghala moja karibu na soko la Custom. Foklifti ina meno mawili marefu ya chuma yanayoingia chini ya mzigo. Kila asubuhi aliyashusha karibu na sakafu, akalaza ubao ulionyooka juu ya ncha zake, akapiga magoti mbele na kufumba jicho moja. Ubao ukiinama, jino moja limeshuka, na mzigo ukipandishwa utateleza. Hata nyumbani alikuwa hivyo. Tukialikwa chakula, alifumba jicho akiichunguza meza ya wenyewe mpaka nimfinye. Kitanda chetu alikiwekea kipande cha kandambili chini ya mguu mmoja, na mpaka leo hakiyumbi.

Wiki ile mji ulipolipuka kwa risasi tulijifungia ndani. Milio ilipotulia, bosi alimpigia simu waende kuingiza unga kabla watu hawajaupora. Alikwenda kwa miguu. Jino la kushoto lilikuwa limepinda tangu mwezi uliotangulia, naye alishalisema, lakini bosi kila siku alimjibu bukra, na kesho hiyo haikufika. Yaliyofuata nilisimuliwa na mtunza stoo wao, Mkenya, nitamwita Wafula. Mume wangu alipandisha magunia, akaona yameelemea kushoto. Kwa ile haraka hakuyashusha kwanza. Alishuka mara moja aangalie, akainama, na mzigo wote ukamjia.

Hapakuwa na mwanajeshi pale. Mume wangu alilaliwa na magunia ya unga.

Walipomleta kwa pikapu, jirani yangu ambaye mume wake aliuawa siku mbili kabla alinishika mkono akauliza, "Ni risasi?" Nikaitikia kwa kichwa. Sijui niwaeleze vipi. Mtaa mzima ulikuwa unawalilia watu waliouawa na vita, na wangu ameuawa na unga. Niliona watu watauliza alifuata nini ghalani siku kama ile. Niliona kifo chake ni kidogo. Hiyo ndiyo aibu yangu, kwamba nilimwonea aibu mume wangu akiwa bado hajazikwa. Bosi, aliyekuja na pikapu hiyo, alisikia nilivyojibu, akatazama chini.

Mama mkwe yuko kambini Uganda. Nilipompigia simu alilia sana, kisha akasema, "Basi mwanangu amekufa pamoja na watu wake." Neno hilo limemtunza mpaka leo. Kanisani yakisomwa majina ya waliouawa vitani, la mume wangu linasomwa, na sisi wajane tunasimama. Nasimama na wenzangu nikipangusa macho. Machozi ni ya kweli, dada.

Ningekaa kimya hadi kufa kwangu. Lakini mwezi uliopita shemeji yangu, nitamwita Lado, mdogo wake marehemu, alikuja kutoka kambini kutafuta kazi. Bosi akamchukua, akamkabidhi mashine ileile. Watoto wangu wanakula kwa jasho lake. Halafu nikakutana na Wafula sokoni nikamuuliza kama lile jino lilibadilishwa. Akasema walilipeleka kwa mchomeleaji, likapashwa moto, likanyooshwa kwa nyundo na kupakwa rangi. Mume wangu alikuwa akisema jino likipinda linatupwa, ukilipasha moto nguvu inatoka.

Nilimwomba Wafula amwambie Lado. Akasema ana watoto Bungoma na bosi atamfukuza. "Wewe ndiye mwenye msiba, mama. Anza wewe."

Ijumaa nilijaribu, tukila.

"Shemeji, yale meno unayapima asubuhi?"

Akacheka. "Umekuwa fundi siku hizi? Bosi amesema yamenyooshwa, kalas, yamekwisha."

Nikamwambia kaka yake alipima kila siku.

"Na kupima kulimsaidia nini? Kaka aliuawa na vita, shemeji. Ile mashine haijamdhuru mtu."

Nikamwongezea mboga. Alikuwa ameshiba, akala tu kwa heshima.

Nilimwomba aache kazi hiyo, akaniuliza kwa sababu gani, nikasema nimeota vibaya. Akaniambia niombe kabla ya kulala. Ndugu zangu, anaiamini mashine ile kwa sababu yangu. Nikimwambia ukweli, siku hiyohiyo atampigia mama yake, na yule mzee atampoteza mwanawe mara ya pili. Jirani yangu, aliyekaa nami kwenye mkeka msiba wote, atajua nilikaa katika huzuni isiyokuwa yangu. Najua hayo yote ni madogo mbele ya uhai wa kijana. Ninayajua, na bado mdomo haufunguki.

Kesho ni Jumatatu, Lado ataamka mapema kama kawaida. Mliowahi kubeba uongo wa namna hii, niambieni mliutuaje. Nianze na neno lipi? Na mama mkwe nimpigie kabla Lado hajampigia, au niende mwenyewe kambini nipige magoti? Nitasoma kila mtakachoandika, hata cha kunitukana.

Na mnaosali, naomba mumkumbuke mume wangu. Msimweke na waliopigwa risasi. Mkumbukeni kama dereva wa foklifti aliyefia kazini.