Birika Nililolilinda Doha

Mimi si mtu wa kusimama. Mama yangu alizoea kusema nina siafu miguuni, na hakukosea. Nilipokuwa mlinzi Lusail, nje ya Doha, nilikuwa na nafuu, kwa sababu tulizunguka uzio. Jua lilituunguza lakini miguu ilipata kazi. Halafu kampuni ikanihamishia kwenye jumba la maonyesho, ndani ya kiyoyozi, nisimame kando ya jiwe moja kutwa nzima. Wenzangu wa kambi ya wafanyakazi ya Al Wakrah wakasema nimeula. Kuula gani, jamani! Nilikuwa karibu kupasuka.

Jiwe lenyewe lilikuwa birika la ubatizo. Si birika la chai. Ni jiwe zito la duara, limechongwa ndani kama kinu kikubwa. Lilitoka kwenye kanisa la kijiji kimoja cha Uingereza, lililojengwa karne nyingi kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Paa la kanisa lilikuwa linatengenezwa, ndipo birika likaazimwa Doha kwa maonyesho ya mawe. Lilikuja pamoja na mzee mmoja wa kanisa, Mwingereza mrefu mwenye kikohozi, aliyesafiri nalo ili lisipasuke njiani. Kila asubuhi alikuja kuliangalia kama mtu anayemtembelea mgonjwa wodini.

Mgonjwa wangu mimi alikuwa nyumbani, Voi. Mke wangu alikuwa amejifungua kabla ya wakati, mtoto wetu wa kwanza, na mtoto alikuwa ndani ya kisanduku cha joto, hanyonyi, halii. Mke wangu alitaka jambo moja tu: abatizwe kabla ya… Kila mara kwenye simu aliishia hapo. Pasta wetu alikuwa juu milimani Taita na mvua ilikuwa imekata barabara. Mama mkwe naye alishikilia kwamba bila pasta huo si ubatizo, ni kumwogesha mtoto tu. Kwa hiyo tukawa tunangoja, wao wodini na mimi kando ya jiwe. Sijui kungoja. Nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu, nikifika mwisho naanza upya.

Ili nisipate wazimu nikaanza kumsumbua yule mzee kwa maswali. Akanionyesha ukingo uliomeguka, mahali ambapo zamani palikuwa na vyuma vya kufungia kifuniko kwa kufuli. Maji yaliyobarikiwa yalikaa humo siku nyingi, na watu waliyaiba kwa ajili ya uganga.

"Hata kwenu?" nikacheka.

"Hata kwetu," akasema.

Kuzunguka birika kulikuwa na watakatifu wa kuchongwa wasio na nyuso. Walivunjwa kwa nyundo na watu wa zama nyingine waliochukia sanamu. Baadaye birika lilitupwa nje, ng'ombe wakanywea humo shambani kwa mtu, mpaka kasisi mmoja alipolitambua na kulirudisha kwa mkokoteni. Katikati mna tundu lenye kizibo. Maji ya ubatizo yalipita humo yakaingia udongoni chini ya kanisa, yasikanyagwe na mtu. Mama wa yule mzee alibatizwa humo, yeye mwenyewe humo, wanawe humo. Wajukuu zake wamekataa. Alilisema hilo bila kulalamika, akapenga kamasi kwa muda mrefu.

Mimi hasira zilikuwa zimenipanda. Yaani kufuli kwenye maji ya mtoto!

"Sasa mtoto akizaliwa dhaifu usiku wa theluji," nikamwuliza, "kasisi yuko mbali na birika limefungwa, anakufa hivyo hivyo?"

Akatikisa kichwa. Kwa jambo hilo, akasema, makasisi wa zamani waliwafundisha maneno watu wa kawaida, hasa wakunga. Mtoto akiwa hatarini, yeyote angeweza kumbatiza, hata mama yake, kwa maji yoyote safi. Akanitazama vizuri. "Una mtoto?"

Nikamweleza yote.

Kesho yake, saa ya swala ya adhuhuri, ukumbi ukiwa hauna wageni, simu ilitetemeka mfukoni. Kupokea simu kazini ni marufuku. Nikapokea. Mke wangu alikuwa ananong'ona: nesi amesema kama kuna jambo tunataka kumfanyia mtoto, tufanye sasa.

Nikamwambia alichosema mzee. "Weka spika. Wewe mwaga maji, mimi nitasema maneno."

Mzee alikuwa palepale. Nikamgeukia, nikamwuliza kwa Kiingereza kama inafaa. Akasita, nikaona anatamani kunidanganya. "Anayemwaga ndiye anayesema," akaniambia. "Sharti awe mtu yuleyule."

"Mimi ni baba yake!" nikafoka, na ukumbi mzima ukanirudishia sauti. Nilimchukia yule mzee. Nilichukia jiwe lake, na bahari yote iliyoko kati ya Doha na Voi. Ningekuwa na nyundo, sijui.

Supavaiza wangu akaja mbio. Ni Mganda, Mwislamu, mkali wa simu kupindukia. "Wewe! Simu kazini?" Simu yangu, nayo ikiwa kwenye spika, ndiyo iliyomjibu, mke wangu akilia: "Naogopa. Mimi si pasta. Mtoto atanifia mikononi."

Supavaiza akaitazama simu, akanitazama mimi. Akaweka kofia sawa, akasimama mahali pangu kando ya jiwe, akanipa mgongo.

"Ongea na mke wako," akasema.

"Sema wewe," nikamwambia mke wangu.

"Maneno siyajui."

"Unayajua. Umeyasikia tangu utotoni."

Nikasikia kifuniko cha chupa ya maji kikifunguliwa, na maji yakimiminwa. Kisha sauti yake, imekauka kabisa, ikamwita mtoto kwa jina la marehemu baba yangu. "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Nikaegemea ukuta.

Halafu mtoto akalia. Kilio chembamba, cha hasira, cha mtu aliyemwagiwa maji bila kuulizwa.

"Umemsikia?" Mke wangu alikuwa anacheka na kulia. "Aki, amekasirika kama wewe!"

Birika lilirudi Uingereza na mzee wake. Mimi nilibaki hapa Doha hadi nilipopata likizo. Nilipofika nyumbani mtoto alikuwa anatembea, ameng'ang'ania leso ya mama yake. Uso wake nilikuwa nimeuona kwenye simu, kila mara umebadilika. Nikamnyanyua. Akanisukuma kifua kwa mikono yote miwili, akaangua kilio.

"Ala! Huyu si ni babako?" mama mkwe akamkemea kwa aibu.

"Mwache alie," nikasema. Kile kilio nilikuwa nakijua. Katika yote ya mwanangu, hicho ndicho kitu pekee nilichokijua.