Ndege Niliyesema ni Wangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila baridi ikiingia hunirudia bila kuitwa. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Januari. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimesimama ukingoni mwa shamba lililolimwa, mbali nje ya London, bunduki ya marisau mkononi, na mdomo wangu ukatamka maneno mawili tu: "Ni wangu." Maneno hayo mawili yamenifunza kuliko vitabu vingi nilivyosomeshwa.

Najua nyinyi mliozaliwa huku mkisikia kwamba mzee huyu wa Hayes, ambaye siku hizi hata ngazi za nyumba yake anazipanda kwa kupumzika, alikuwa akitoka kuwinda na mbwa, mtacheka. Mjukuu wangu mmoja aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama nasema kweli au natia chumvi. Nasema kweli. Kaa kitako nikuhadithie.

Nilifika nchi hii miaka michache baada ya Mapinduzi ya visiwani kwetu. Nilipata kazi katika ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, na rafiki wa kwanza Mungu aliyenipa alikuwa Singasinga mzaliwa wa Nakuru, jina lake Gurdev, fundi wa magari pale Southall. Tulijuana kwa sababu alinisikia dukani nikihesabu viazi kwa Kiswahili. "Wewe ni wa wapi?" akaniuliza, na kabla sijajibu alikwisha kunibebea kikapu.

Gurdev alikuwa na mbwa wawili. Posho alikuwa mnene na mvivu, na Rani alikuwa jike mdogo mwenye madoa ya rangi ya kahawia, macho yake kama ya mtu anayekusikiliza. Mkulima mmoja ambaye Gurdev alimtengenezea trekta lake alimruhusu kuja shambani kwake msimu wa baridi kuwinda ndege wanaoitwa fezanti. Kwetu hawapo. Jamaa yao wa karibu ni kwale, lakini fezanti ni mkubwa kama jogoo, na dume lake limevishwa shaba na dhahabu, shingo ya kijani inayong'aa, na mkia mrefu kuliko mwili wake. Mara ya kwanza kumwona mmoja akipaa kutoka kichakani nilisahau kabisa kwamba nimeshika bunduki. Nilisema "Subhanallah" kwa sauti, na ndege akaenda zake salama.

"Hamadi!" Gurdev akapiga kelele. "Tumekuja kuwinda ama kuswali?"

Sasa lipo jambo moja lazima ulijue, maana bila hilo hutafahamu uzito wa kosa langu. Mimi Muislamu sili ndege aliyeuawa na asiyekuwa wa dini yangu, labda nimwahi angali hai nimchinje. Na Gurdev, katika dini yake, hali nyama iliyochinjwa kwa desturi yetu. Kwa hiyo tuliwekeana sharti tangu siku ya kwanza: aliyepiga aseme. Wangu ni wangu, wake ni wake, na pakiwa na shaka tumpe mkulima. Mkulima alilipenda sharti hili kuliko sisi wenyewe. Kila akisikia milio miwili pamoja alikuwa akipaza sauti kutoka bandani kwake kwamba huyo amekwisha kuwa kitoweo chake.

Kadhalika mimi, kama nilivyofunzwa katika chuo chetu cha Kurani, nilikuwa nikimwosha kila ndege aliyeguswa na mdomo wa mbwa mara saba, mara moja kwa udongo. Gurdev alikuwa akinitazama huku anatikisa kilemba chake. "Mimi naosha mbwa wangu na shampuu," alisema, "na wewe unaosha ndege na matope." Lakini siku zote ni yeye aliyenichotea maji.

Basi majira hayo alikuwako Southall mzee wetu mmoja, Ami Seif. Si ami yangu wa damu, lakini ndiye aliyetusomesha sote tuliofika vijana, katika chumba chake cha ghorofani. Baridi ile alikuwa ametoka hospitali, amepasuliwa tumbo, na chakula kikamkataa kabisa. Daktari alisema asipokula hatafika mwezi ujao. Tulimpelekea wali, tukampelekea mkate wa kumimina, samaki, uji. Anaonja, anashukuru, anakisukuma. Siku moja akiwa amefumba macho aliniambia, "Hamadi, marehemu baba alikuwa akirudi na kwale, mama anatupikia supu yake, anaitia ndimu na pilipili manga. Nahisi kama ile ningeweza kuinywa."

Nilikwenda mbio kwa Gurdev. Jumamosi tukatoka.

Mungu hakutaka iwe rahisi. Asubuhi nzima hatukuona ndege. Mvua ya rasharasha, matope mpaka magotini, Posho amechoka anakaa chini kila hatua kumi. Karibu na adhuhuri Rani akasimama, mguu mmoja juu, pua yake imeelekea kwenye majani makavu. Ndege akaruka. Gurdev akapiga. Mimi nikapiga. Lakini mwanangu, nilipovuta mimi, ndege alikuwa amekwisha kukunja mbawa zake, anashuka kama jiwe. Nilimwona kwa macho yangu. Marisau yangu yalipita mahali ambapo hakuwapo tena.

Rani akaenda, akarudi naye. Amekwisha kufa.

Gurdev akauliza, kama ilivyo sharti letu, "Nani?"

Nilimfikiria Ami Seif na mbavu zake. Nikawaza kwamba hatutapata mwingine leo. Nikajiambia kwamba mgonjwa ana ruhusa, ingawa nilijua kwamba mwenye dhiki huruhusiwa kula, hakuna anayeruhusiwa kumdanganya. Nikasema, "Ni wangu."

Gurdev alinitazama kidogo zaidi ya kawaida. Kisha akanipa yule ndege kwa miguu. "Haya, chukua. Mzee apone."

Nyumbani nilimwosha mara saba, mara moja kwa udongo. Nafsi ya mwanadamu ni ajabu: niliyahesabu maji kwa uangalifu mkubwa, na uongo nikauacha palepale ulipo.

Nilipanda kwa Ami Seif na sufuria nimeifunga taulo. Alisikia harufu kabla sijafungua. Akainuka mwenyewe akakaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi.

"Kwale?"

"Jamaa yake, Ami. Fezanti."

"Umempiga wewe?"

"Mimi, Ami."

"Basi bismillahi."

Akanywa. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Rangi ikamrudia usoni, nakuambia, naiona. Kisha akaweka kijiko, akainua mikono yake iliyokonda, akasema, "Ewe Mola, mkono ulionilisha halali usiuache uguse haramu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Kwa dua sikuwa nimejiandaa.

"Ami," nikasema, "usile tena."

"Kuna nini, mwanangu?"

Nikamweleza yote. Nilipomaliza aliteremsha miguu chini, akashika ukuta, akaenda hatua kwa hatua mpaka kwenye beseni, akasukutua kinywa. Mara tatu. Mtu ambaye mchana ule hakuweza kwenda chooni bila ya kushikwa mkono. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa kiganja tu, bila ukali. Kisha akarudi akalala.

"Mimi nimekula kwa neno lako," alisema, "na Mola wangu analijua hilo. Sina khofu na tumbo langu. Nakukhofia wewe." Akajivutia blanketi mpaka kifuani. "Na mwenzako umemwambia?"

"Bado."

"Basi nenda. Kwangu umeshafika."

Nilimkuta Gurdev chini ya gari, miguu tu inaonekana. Nikaona afadhali hivyo, nisimtazame usoni. Nikasema nilichokuja kusema.

"Nilijua," sauti ikatoka chini ya gari.

"Ulijua?"

"Hamadi, wewe ulipiga mawingu. Ndege anashuka, ndio wewe unapiga. Hata Posho alikuangalia."

"Mbona hukusema?"

Akajivuta nje, akakaa sakafuni, akawa anafuta mafuta vidoleni kimoja kimoja. "Ningesema nini? Mimi niliuliza, wewe ukajibu. Nikafikiria, huyu anajua sheria yake kunishinda. Lakini kutoka shambani nilirudi nyumbani roho nzito, ndugu yangu. Kama unaweza kudanganya mzee wako juu ya chakula cha mdomo wake, mimi siku moja utanidanganya juu ya nini?"

Alinisamehe palepale na kunitilia chai, lakini lile swali aliliacha kwangu.

Tangu siku ile niliacha kuwinda. Bunduki ya kuazima niliirudisha, viatu vya matope nikavitupa, na kila Gurdev akinipitia nilimwambia nina kazi. Nilijihesabu mcha Mungu. Nilijiambia: nimetubu, nimekata mzizi. Misimu miwili ikapita hivyo. Ami Seif, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, alipona taratibu kwa uji na subira, akarudi kutusomesha. Hata siku moja hakulitaja jambo lile.

Halafu akaniita.

"Gurdev amepita hapa na mbwa wake," alisema. "Nimemwambia asiwapandishe juu, wamekaa chini wananililia. Anasema hutoki naye tena."

"Nimeacha, Ami. Nimetubu."

"Umetubu nini?"

"Uwindaji."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Uwindaji ulikukosea nini? Mungu hakukuharamishia ndege, Hamadi. Alikuharamishia uongo. Wewe umekwenda kukiacha alichokuhalalishia, ili usipate tena kusimama pale mahali ukaulizwa, ukasema kweli. Hiyo si toba. Hiyo ni kujificha." Kisha, kwa upole ambao ulinichoma kuliko kicheko, akasema, "Rudi. Na ukipata, niletee."

Nikarudi. Sitaisahau asubuhi ile maadamu ni hai. Umande umeganda usiku kucha, shamba lote jeupe, kila jani limevaa sindano za barafu, na jua jekundu linatoka polepole nyuma ya miti isiyokuwa na majani. Pumzi zetu na pumzi za mbwa zilikuwa zikipanda pamoja. Gurdev hakusema neno la zamani, alinipa tu glavu zake za akiba. Nilisimama nikajiona mdogo sana, nikafurahi kuwa mdogo.

Rani alikuwa amekua, mpana wa kifua. Alimtoa ndege kutoka kwenye bonde la miiba. Nikataja jina la Mungu, nikapiga, peke yangu. Ndege akaanguka ng'ambo ya kijito, mbali. Rani akaingia kwenye maji yenye barafu bila kugeuka nyuma, akapotea, tukangoja. Aliporudi alikuwa anatetemeka mwili mzima, lakini kichwa amekiinua juu ya maji, na mdomoni mwake yule ndege, yu hai, jicho lake linatazama. Bawa lilikuwa limevunjika kwa marisau yangu. Mahali pengine popote mwilini mwake sikuona hata alama ya jino.

Fikiri, mwanangu. Mnyama mwenye njaa, tangu alfajiri hajala. Meno yake yanavunja mfupa. Nyama yenye damu ya moto iko kinywani mwake, na ng'ambo ya kijito hakuna anayemwona. Naye amekibeba kilicho cha mwenziwe kwenye maji ya barafu, akakiweka mikononi mwangu kizima kama alivyokikuta. Nilichinja, na joto la ndege yule lilikaa kiganjani mwangu muda mrefu. Nilimtukuza Aliyeweza kutia amana katika kiumbe ambaye mimi nimefunzwa kumwosha mara saba.

Jioni ile nilipanda ngazi za Southall na sufuria. Njia nzima, ndani ya basi, nilikuwa nikijiandalia jibu. Ataniuliza kama ni mimi niliyepiga. Nitamwambia ni mimi, Gurdev hakuinua bunduki. Nitamwambia nimemchinja kwa mkono wangu. Nilikuwa nayo yote, na shahidi ninaye.

Ami Seif alifungua mfuniko. Akanusa. Akavuta kiti.

"Bismillahi," akasema, akatia kijiko mdomoni.

Nilibaki nimesimama na taulo langu. Akanywa cha pili, cha tatu. Akaniangalia.

"Mbona umesimama? Nipe chumvi. Supu yako haina ladha."

Hakuniuliza. Mpaka anakufa, miaka mingi baadaye, kila nilichompelekea hakuniuliza tena kimetoka wapi. Nimepewa vitu vingi katika maisha haya, na sioni kilichokuwa kizito kama hicho. Usiku nilisujudu nikashindwa kuinuka, kwa khofu na kwa shukrani, nisijue ipi ilikuwa kubwa zaidi.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, nikuambie waziwazi ili usiseme mzee alikuhadithia ndege tu. Utafika mahali ambapo hakuna ajuaye isipokuwa wewe, na utakuwa na sababu nzuri, pengine ya huruma, ya kusema lisilokuwa. Usiseme. Mtu mwingine atalitia kinywani mwake kwa kukuamini. Na ukiteleza, kwani utateleza, usimfuate Mungu peke yake ukawaacha watu uliowakosea: waendee, hata kama mmoja yuko chini ya gari. Kisha usijinyime halali ukaita kujinyima huko ni toba. Rudi pale pale ulipoanguka, usimame, uulizwe, useme kweli. Na akija kwako aliyekukosea akakiri, mfanyie kama nilivyofanyiwa mimi: mpe nafasi nyingine, na ukimpa, mpe kamili.

Mola akupe marafiki watakaokuuliza, na wazee watakaokuamini. Akitie kinywani mwako kilicho safi, na kitakachotoka humo kiwe safi zaidi. Amina.