Kaluki na Ripoti ya Dakika Hamsini

Kaluki Nzioki alikuwa mtu wa kuamini macho yake kabla ya maneno ya mtu. Alianza kazi kama mpigachapa katika kituo kimoja cha madaktari wa mifugo mjini Thika, na kompyuta zilipoingia hakungoja kufundishwa. Alijifunza kuandika programu kwa vitabu vya kuazima, hata akaandika ile iliyochukua rekodi zote za chanjo na matibabu, ng'ombe kwa ng'ombe, na kuziunga ziwe ripoti moja ndefu. Kila asubuhi madaktari waliisubiri kabla ya kushika njia kwenda Theta au Ngoliba.

Mwanzoni ilikuwa tayari kwa nusu dakika. Miaka minne baadaye ilikuwa ikichukua dakika hamsini. Siku moja Daktari Dianah alifika Ngoliba jua limeshapanda, akakuta ndama wa Mzee Nzomo amekwisha kufa. Hakuna aliyemlaumu Kaluki. Lakini yeye alijiambia kwamba mashine haizeeki kwa kasi namna hiyo. Kuna mtu alikuwa akiitumia kwa mambo yake.

Na mtu huyo, kwa maoni yake, alikuwa Gachau.

Gachau ndiye aliyetunza kompyuta kubwa ya kituo, na ufunguo wa chumba ilimokaa ulikuwa mfukoni mwake. Kaluki akipita nyuma yake, alifunga haraka alichokuwa akisoma. Simu zake alizipokea nje, kwa sauti ya chini. Kaluki akaanza kuandika kwenye daftari: leo Gachau ameingia chumbani saa ngapi, leo ripoti imechelewa kiasi gani. Baada ya wiki tatu alizipitia siku hizo, za kuingia na za kuchelewa, akaona zinalingana. Hakujiuliza zingekosaje kulingana, maana Gachau aliingia mle kila siku ya Mungu.

Akapeleka daftari kwa mkuu wao, Selpha. Selpha alimuuliza kama ameikagua programu yake mwenyewe. Kaluki akajibu kwamba hajaigusa hata herufi moja tangu aiandike, na aliona jibu hilo linatosha kabisa. Gachau aliitwa, akaambiwa aache ufunguo mezani. Aliuweka, kisha akamgeukia Kaluki.

"Umeniona nikifanya nini?"

Kaluki alitazama daftari lake.

Wiki iliyofuata ripoti ilichukua dakika hamsini vilevile. Badala ya kutulia, Kaluki alishuku kwamba kuna ufunguo wa pili. Jumamosi akabeba nakala ya programu na rekodi zake hadi kwake Ruiru, aiendeshe kwenye laptopu yake isiyounganishwa na mtandao, mahali ambapo mkono wa Gachau haufiki. Aliianzisha akaenda kukata mboga ya sukuma wiki. Akapika, akala, akaosha vyombo. Ilikuwa bado inazunguka. Hapo akashuku hata nakala yenyewe, kwamba imewekwa kitu.

Akazipunguza rekodi hadi nusu, akitarajia nusu ya muda. Zikachukua robo. Akazipunguza tena nusu, zikachukua robo ya ile robo. Kaluki akaketi. Mwizi haibi kwa hesabu iliyonyooka hivyo.

Akaifungua programu yake, akaisoma kama anayesoma kazi ya adui. Kosa lilikuwa pale, katika mstari mmoja mfupi: chukua maandishi yaliyopo, ongeza rekodi moja mwishoni, rudia. Yeye aliyaona maneno yakirefuka tu. Kumbe kompyuta, kwa kila rekodi mpya, ilikuwa ikitafuta nafasi kubwa zaidi na kunakili upya kila kitu kilichotangulia, toka herufi ya kwanza. Rekodi elfu ishirini za mwanzo zilivumilika. Sasa zilikuwa laki mbili, mara kumi ya zile, na kazi ilikuwa imekua mara mia.

Akabadilisha. Kila rekodi akaiweka peke yake kwenye orodha, bila kugusa zilizotangulia, na mwishoni kabisa akaamuru zote ziunganishwe kwa mkupuo mmoja. Ripoti ikatoka kabla hajaondoa kidole kwenye kibodi. Hakuiamini. Alasiri yote aliilinganisha na ile ya zamani, akitafuta rekodi iliyorukwa. Hakupata hata moja, na hapo ndipo uso ulipomchoma kwa aibu.

Jumatatu alisema yote mbele ya Selpha na Gachau, bila kujitetea. Kosa lilikuwa lake tangu siku ya kwanza, na hata ile asubuhi ya Ngoliba ilikuwa juu yake. Gachau alisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuwa naomba kazi Nairobi," akasema. "Hilo ndilo nililokuwa nakuficha. Ungeniuliza, ningekuambia."

Kaluki alimwomba msamaha, naye akasema yameisha. Lakini tangu siku hiyo Gachau alimwita Madam, yeye aliyekuwa akimwita Kaluki kwa miaka sita, na mwezi ulipokwisha akaenda zake Nairobi. Ripoti ilikuwa ikitoka kwa sekunde mbili. Kaluki aliendelea kuikagua kila asubuhi, na akiona jambo asilolielewa, alianza na mistari aliyoiandika mwenyewe.